Bibi yetu ana miaka 115 kweli, au tunadanganyana? Na je, mwili wa binadamu una kikomo?

Walukuba_Kwetu

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kabla familia yetu haijaaibika redioni.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Walukuba hapa Jinja, kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi, tangu babu alipopata kazi kiwandani. Mtaa mzima unamwita Jaja, Mganda, Mjaluo, Mnubi, wote. Masikio yamechoka na jicho moja lina mtoto wa jicho, lakini mukene bado anachambua mwenyewe. Anaumwaga kwenye ungo, anatoa mchanga na vijiti, dagaa mmoja mmoja. Ukimsaidia anakushukuru, halafu anarudia kuchambua ulichochambua wewe.

Sasa mjomba wangu, ambaye ndiye kitinda mimba wa bibi, amekuja na hesabu. Bibi husema mama yake alimwambia alizaliwa mwaka ilipoonekana nyota yenye mkia. Mjomba akaingia kwenye simu, akakuta nyota ya Halley ilipita mwaka 1910. Kwake imeisha hiyo, bibi ana miaka 115. Ameshazungumza na mtangazaji mmoja, na keki imeagizwa. Anasema tukizubaa Wajapani watatuwahi.

Upande wa pili, kitambulisho cha bibi kinasema amezaliwa 1950. Kwa hiyo zile fedha za wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, hapati, maana zinaanzia miaka 80 na kwa makaratasi yeye ni msichana wa 75. Aliyemwandikisha siku ile alimtazama usoni, akaandika mwaka aliouona yeye.

Maswali yangu ni mawili. Binadamu anaweza kweli kufika 115 na bado akachambua mukene? Na je, kuna mahali mwili umeandikiwa kwamba hapa huvuki, hata ule nini, hata utibiwe na nani?

MpakaniBusia

Hongereni kwa bibi. Zamani watu walikuwa wanafika 130, 140, bila kelele. Walikula wimbi, mihogo, asali, na walitembea kwa miguu. Sisi tunakula rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, saa nne usiku na mafuta yaliyokaangia tangu asubuhi, halafu tunashangaa kufa na 50. Kikomo hakipo, tumejiletea wenyewe.

Mstaafu_Bombo

Kijana wa Busia, zamani ipi hiyo? Hapo Busoga penyewe, pwani ya ziwa, malale iliua zaidi ya watu laki mbili kuanzia miaka ya 1900, mpaka serikali ya kikoloni ikawaondoa waliobaki kando ya maji. Hao hawakuijua rolex. Wimbi walikula.

Mimi nimezaliwa kwenye familia ya watoto kumi na mmoja, tukakua watano. Ukimuuliza mtu wa kwetu atakwambia babu zetu waliishi sana, kwa sababu aliyemwona ni yule mzee mmoja aliyebaki. Walioondoka wachanga hakuna aliyewaona wala aliyewataja.

Mwalimu_Arua

Mzee wa Bombo amesema jambo ambalo mimi humaliza vipindi viwili nalo na bado wanafunzi wanakosea kwenye mtihani. Wastani wa kuishi ni kitu kimoja, na umri wa juu kabisa ambao mtu anaweza kuufikia ni kitu kingine.

Uganda katika miaka ya 1990, ukimwi ulipotuchoma, wastani ulishuka hadi arobaini na kitu. Sensa ya 2014 ikaonyesha 63. Hapo kati miili yetu haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni dawa za kupunguza makali, chanjo na neti za mbu, na watoto wachache zaidi kufa kabla ya miaka mitano. Wastani unapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Swali la kijana wa Walukuba ni lile la pili, la juu kabisa, na hilo limewagombanisha wanasayansi kweli kweli.

Aliyeishi kuliko binadamu wote wenye ushahidi wa karatasi ni mama wa Kifaransa, Jeanne Calment, wa mji wa Arles. Alizaliwa Februari 1875, akafa Agosti 1997, miaka 122 na siku 164. Tangu hapo hakuna aliyefika hata 120. Kane Tanaka wa Japani na Sarah Knauss wa Marekani waliishia 119. Kwa wanaume bingwa ni Jiroemon Kimura wa Japani, 116. Kwa hiyo swali lako la kwanza, ndiyo, 115 inawezekana, ila waliothibitika duniani tangu watu waanze kuandika ni wachache mno. Ukisema bibi yako ni mmoja wao umesema jambo zito, lete karatasi.

Swali la pili nalijibu kesho. Umeme unasuasua.

Walukuba_Kwetu

Asante mwalimu. Karatasi ndiyo hiyo ya 1950.

FundiSaa_Mbale

Mimi nafungua saa hapa Mbale mwaka wa 31 huu. Saa haina tarehe ya kufa ndani yake. Nimetengeneza saa ya marehemu baba yangu ikiwa na umri kunizidi mimi. Kinachotokea ni kwamba kuna kipande kinachochoka kwanza, kikichoka kinavuta kingine. Ukikibadilisha mapema, saa inaendelea. Ninavyoona mimi, mwili ni hivyo hivyo, hakuna kikomo, kuna vipuri tu ambavyo bado hatujavipata.

Mkunga_Masese

Fundi, kwa hiyo ukienda hospitali unataka wakufungue mgongo wakuwekee betri mpya 😂

Mwalimu_Arua

Nimerudi. Naanza na fundi, maana wazo lake lina watu wakubwa nyuma yake.

Kwa miaka mingi dunia iliamini kama fundi. Daktari mmoja, Alexis Carrel, mshindi wa tuzo ya Nobel, alidai kuanzia 1912 kwamba chembe za moyo wa kifaranga zinaweza kuishi kwenye chupa milele zikilishwa vizuri. Halafu 1961, Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead, huko Philadelphia, wakaonyesha kwamba chembe za kawaida za binadamu hugawanyika mara 50 hivi, kisha zinagoma. Hazifi papo hapo, zinakaa tu. Baadaye ikajulikana sababu moja kubwa. Kwenye ncha za kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe, kuna kipande kinachoitwa telomia, na kila chembe ikigawanyika kinapungua. Mwenye kusuka mkeka ataelewa haraka, ule ukingo ukiisha mkeka wote unafumuka. Kazi hiyo iliwapa Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Msikimbilie kusema "basi hiyo ndiyo saa ya kifo". Panya wa maabara ana telomia ndefu kuliko zako, na miaka mitatu hafiki. Na chembe zinazojua kurefusha telomia zake bila kukoma tunazo mwilini mwetu, zinaitwa saratani. Zile alizochukuliwa Henrietta Lacks huko Marekani mwaka 1951 zinagawanyika mpaka leo, mwenyewe alikufa mwaka ule ule.

Na kwa fundi hasa, saa unaizima ndipo uifungue. Mwili unatengenezwa huku unatembea.

FundiSaa_Mbale

Hapo kwenye kuzima umenishinda, mwalimu. Lakini naomba unieleze, mbona fuko wa kule kaskazini ya Kenya, yule asiye na manyoya, anaishi zaidi ya miaka 30 na ana mwili wa panya?

Mwalimu_Arua

Ni kweli kabisa, na huyo fuko anawanyima watu usingizi. Kwa karibu kila mamalia anayefahamika, umri ukipanda hatari ya kufa inapanda. Mwaka 2018 watafiti waliochambua kumbukumbu za mafuko elfu kadhaa waliofugwa kwa miongo mingi walikuta hatari yao haipandi, aliyezeeka hafi kwa kasi kuliko kijana. Na papa wa Greenland anakadiriwa kuishi miaka isiyopungua 272. Kwa hiyo hakuna sheria ya maumbile inayosema nyama na damu lazima ziharibike katika miaka themanini. Kila aina ya kiumbe ina mwendo wake. Wa kwetu sisi upo hivi.

Mwaka 1825 kulikuwa na Mwingereza, Benjamin Gompertz, mtu wa hesabu za bima. Alitazama orodha za vifo, akaona kitu ambacho hadi leo kinatumika. Ukishakuwa mtu mzima, hatari yako ya kufa inaongezeka maradufu kila baada ya miaka kadhaa. Kwa hesabu za sasa ni minane hivi. Mtu wa miaka 80 amezidisha mara mbili, mara tano, tangu alipokuwa na 40. Hiyo ni mara 32. Ukiendelea hivyo utaona mwenyewe kwamba hakuna haja ya ukuta. Mlima wenyewe unatosha.

MpakaniBusia

Kwa hiyo ukuta upo au haupo? Mwalimu unazunguka kama boda inayotafuta stendi.

Mwalimu_Arua

Abiria mwenyewe hujasema unashuka wapi. Sikiliza.

Mwaka 2016 Jan Vijg na wenzake wa New York waliandika kwamba ukuta upo, karibu na miaka 115. Walitazama umri wa aliyekufa mzee kuliko wote kila mwaka, wakaona uliacha kupanda kuanzia miaka ya 1990, alipokufa Calment. Wakashambuliwa vibaya. Waliowapinga walisema hesabu imesimama juu ya watu wachache mno, ukimtoa mmoja mstari unageuka.

Mwaka 2018 likaja kundi jingine, lililofuatilia Waitalia karibu 3,800 waliofikisha miaka 105. Hao wakasema ule mlima wa Gompertz, ukifika 105, unakuwa tambarare. Haushuki, ila hauongezeki tena. Kila mwaka nafasi yako ya kufa inabaki nusu kwa nusu hivi.

Chukua sarafu ya mia tano, ile yenye korongo. Una miaka 110. Kila siku yako ya kuzaliwa unairusha. Ikija korongo unaendelea mwaka mmoja, ikija nembo basi. Kufika 115 unahitaji korongo mara tano mfululizo, mtu mmoja kati ya 32. Kufika 122 kama yule mama wa Arles unahitaji mara kumi na mbili, mmoja kati ya 4,096. Sasa niambie, katika dunia nzima wako wangapi waliofika 110 na karatasi zao ziko sawa? Hawajatosha kutupa kina Calment wengi. Unaweza kuona kitu kinachofanana na ukuta, kumbe ni sarafu tu.

Mstaafu_Bombo

Maandiko yalishasema. Mwanzo sura ya 6, miaka 120. Hiyo si sarafu.

Mkunga_Masese

Mzee wangu, kwa heshima, yule mama Mfaransa alipita kwa miaka miwili na zaidi. Na Nuhu kwenye dini zote mbili alikaa zaidi ya mia tisa. Tuyaache hayo kwa mashehe na mapadri, tutagombana.

Mstaafu_Bombo

Sawa binti. Nimeyaacha.

Nalongo_Tororo

Hapo kwenye "karatasi ziko sawa" ndipo penye tatizo lote, na mnapapita haraka.

Japani, nchi inayoongoza kwa vikongwe, mwaka 2010 maofisa walikwenda kumpongeza mzee mmoja wa Tokyo kwa kutimiza 111. Walikuta amekauka kitandani, amekufa miaka kama thelathini iliyopita, na familia inakula pensheni yake. Wakaanza kukagua. Zaidi ya watu 230,000 wenye miaka 100 na kuendelea kwenye madaftari hawakujulikana waliko. Wengi walikufa wakati wa vita au walihama, hakuna aliyefuta jina.

Kuna mtafiti anaitwa Saul Newman aliyeonyesha kwamba majimbo ya Marekani yalipoanza kutoa vyeti vya kuzaliwa, idadi ya wanaodai miaka 110 iliporomoka. Kumbe kilichokuwa kinawarefushia maisha ni kukosa cheti. Mwaka 2024 alipewa ile tuzo ya utafiti unaokuchekesha kwanza halafu unakufikirisha. Mimi sikucheka sana. Nafanya kazi za makaratasi huku Tororo, nawajua wazee waliozaliwa wote tarehe 1 Januari, kijiji kizima.

Hata huyo Calment mwaka 2018 Warusi wawili walidai kwamba aliyekufa 1997 alikuwa binti yake, Yvonne, aliyechukua jina la mama. Wengi wa wanaochunguza umri wamelikataa dai hilo, maana karatasi za mama yule ni nyingi, sensa baada ya sensa, na mji mzima ulimjua. Lakini ona, mtu aliyechunguzwa kuliko wote bado anatiliwa shaka. Sasa Jaja wa Walukuba na nyota yenye mkia?

Nyota zenyewe si moja. Mwaka ule ule wa 1910, mwezi Januari, ilipita nyingine kabla ya Halley, na Desemba 1927 ilikuja nyingine iliyong'aa hadi kuonekana mchana. Mjomba amechagua iliyomfurahisha.

Walukuba_Kwetu

Dada Nalongo umenimaliza. 1927! Hiyo mjomba hakuisoma.

Lakini sasa nitajuaje? Bibi hajui kusoma. Ukimuuliza mwaka anakutajia mambo. Leo nimekaa naye kibarazani, nikamuuliza taratibu. Alisema Malkia wa Uingereza alipokuja kufungua bwawa la Owen Falls, yeye alikuwa na mimba ya mama yangu, akasimama juani barabarani tangu alfajiri na bendera ndogo ya karatasi, babu akimkataza. Mama amezaliwa 1954, hiyo ni sahihi. Kabla ya mama kuna mama mkubwa, aliyezaliwa mwaka wa ghasia za Buganda, 1949, na mwingine alifariki mdogo.

Kwa hiyo kwa kitambulisho, bibi alimzaa mama akiwa na miaka minne, na mama mkubwa amemzidi mama yake mwaka mmoja. Tumecheka mpaka bibi akauliza tunacheka nini, tukashindwa kumwambia.

Mkunga_Masese

Walukuba, umesema mjomba ndiye kitinda mimba. Kazaliwa mwaka gani?

Walukuba_Kwetu

Mwezi wa 11, 1972. Wiki ile Wahindi wa mwisho walipokuwa wanaondoka. Bibi husema alijifungua huku majirani wanabeba viti vya dukani. Kadi ya ubatizo ipo, na vyeti vya shule.

Mkunga_Masese

Basi kesi imekwisha, wakuu.

Nimezalisha kwa miaka ishirini na mbili. Mama wa 43 anayejifungua namwona. Wa 45, mara chache, na tunamshika kwa mikono miwili. Wa 48 nimemwona mmoja. Kupita 50 kwa njia ya kawaida sijawahi, na wakubwa wangu wa kazi hawajawahi. Kama bibi alizaliwa 1910, alimzaa mjomba akiwa na miaka 62. Hapana.

Rudisha nyuma sasa. Toa 45 kwenye 1972, unapata 1927. Toa 50 kwa ukarimu wote, 1922. Upande wa pili, mtoto wa kwanza 1949, mpe miaka 16 ya kuanzia, hawezi kuwa amezaliwa baada ya 1933. Bibi ana miaka kati ya 92 na 103, na mimi ningeweka hela yangu kwenye 95 hadi 98.

Mjomba anatafuta ushahidi redioni wakati ushahidi ni yeye mwenyewe.

FundiSaa_Mbale

😂😂😂 Mkunga apewe uzi huu.

MpakaniBusia

Nimekubali. Ila 97 na bado anachambua mukene ni mzee kamili, msimdharau kwa kuwa si 115.

Mwalimu_Arua

Hakuna anayemdharau. Na mkunga ametupa kitu ambacho mimi sikukifikiria na vitabu vyote hivi. Wenye kuhakiki umri wa vikongwe hawaanzi kupima damu, wanafanya hivyo hivyo, watoto walizaliwa lini, ndoa lini, sensa inasemaje, na je, vinaingiana.

Kwa vile mmeniuliza kama ukuta upo na mimi ninazunguka, nashuka hapa. Siamini ukuta. Naamini mlima ambao juu yake kuna sarafu, na sarafu hiyo tunaweza kuiinamisha kidogo. Kuna dawa, rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Pasaka. Mwaka 2009 ilipewa panya waliokwisha kuzeeka, sawa na kumwanzishia mtu dawa akiwa na miaka 60, na bado waliishi zaidi, majike asilimia 14, madume 9. Panya si Jaja, najua. Msiende kuitafuta duka la dawa, ni dawa ya waliopandikizwa figo na inashusha kinga.

Wako wataalamu wawili wa Marekani, Steven Austad na Jay Olshansky, marafiki, waliowekeana dau mwaka 2000. Austad anasema kuna mtu aliyezaliwa kabla ya 2001 atakayekuwa hai mwaka 2150, akiwa na miaka 150 na akili timamu. Olshansky anasema haitatokea. Kila mmoja aliweka dola 150 kwenye mfuko ukue, wachukue vitukuu wao. Mimi niko kwa Olshansky, si kwa sababu ya ukuta. Miaka 125 tu iliyobaki ni michache kwa sarafu kuinama kiasi hicho.

FundiSaa_Mbale

Mimi niko kwa Austad. Tuweke elfu kumi kila mmoja, wajukuu wagombane.

Nalongo_Tororo

Ukinunulia hati fungani sawa. Ukiweka kwenye simu, makato yataimaliza kabla ya 2030.

Na hapo hapo kuhusu dau. Yule Calment mwaka 1965, akiwa na 90, wakili mmoja alikubali kumlipa faranga 2,500 kila mwezi, ili akifa nyumba iwe yake. Mpango wa kawaida kwa Wafaransa. Wakili akafa 1995, mama bado yupo, na mjane akaendelea kulipa. Hesabu ya Gompertz haikumsaidia.

Walukuba, bibi aliolewa kanisani? Wapi?

Walukuba_Kwetu

Ndiyo. Misheni ya Wakatoliki huko kwenu Tororo, kabla hawajahamia Jinja.

Nalongo_Tororo

Basi acha nyota. Nenda misheni umwombe padri daftari la ndoa. Yaliandikwa kwa Kilatini, kwa wino, na wale mapadri walikuwa wanauliza umri. Chukua na mama yako, wewe peke yako watakuzungusha.

Walukuba_Kwetu

Siku tisa baadaye. Samahani kwa ukimya.

Tumekwenda, mimi na mama. Tumetoka Jinja saa kumi na moja asubuhi, basi likapata pancha Iganga, tukafika padri yuko kwenye mazishi. Tukasubiri chini ya mwembe hadi saa tisa. Katekista akaleta madaftari matatu, kurasa zimeliwa pembeni na mchwa. Mama hajui Kilatini wala mimi, tukawa tunatafuta jina la babu tu, kidole kwa kidole. La pili, katikati, babu huyu hapa. 1948. Chini yake jina la bibi la ubatizo, jina la baba yake limekosewa herufi moja, na mbele yake padri ameandika 20, na kabla ya 20 ameweka neno fupi ambalo katekista anasema maana yake ni kama "yapata". Mahali pa saini ya bibi kuna dole gumba. Mama aliweka kidole chake juu ya lile dole, akakaa hivyo muda, katekista akageuka akatazama nje.

Yapata 20 mwaka 1948. Yapata 1928. Mkunga, ungeweka hela yako kweli, ungeshinda. Na nyota ya Desemba 1927 iko mlangoni kabisa, Nalongo.

Nimepiga picha ya ukurasa, padri ametuandikia barua na kugonga muhuri. Kwa kitambulisho nimeambiwa nilete barua hiyo, hati ya kiapo kwa wakili, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa mtaa. Mwenyekiti ametoa siku hiyo hiyo, hajataka hata soda. Wakili anataka elfu hamsini, ambayo ni fedha za wazee za miezi miwili ambazo bibi hajaanza kupokea.

Mstaafu_Bombo

Hamsini ni nyingi. Njoo faragha, kuna kijana wangu Jinja atakufanyia kwa thelathini.

Mkunga_Masese

Na mjomba je?

Walukuba_Kwetu

Mjomba alitazama picha ya daftari kwa muda mrefu, akaikuza kwenye simu, akasema padri alisikia vibaya. Halafu mama akamuuliza, mbele ya bibi na kwa sauti ya kusikika, kama yeye alizaliwa na ajuza wa miaka 62. Bibi akasikia hiyo, na masikio yale. Alicheka mpaka akashika ungo usimwagike. Akasema, "Sixty-two? Wewe uliniumiza, lakini si hivyo." Namba tu ndiyo aliisema kwa Kiingereza, alijifunza kwenye kantini ya kiwanda.

Mtangazaji amepigiwa, ameambiwa asije. Iliyobaki ni keki. Mwokaji anasema 115 imeshachorwa kwa krimu, kuifuta na kuandika 97 ni shilingi elfu kumi. Mjomba hataki kutoa.

FundiSaa_Mbale

Nitumie namba. Ile elfu kumi yangu ya 2150 naitoa sasa.